Makaburi ya Ukoo wa Manners katika Kanisa la Bottesford, Uingereza

Katika kijiji cha Bottesford, Leicestershire, katikati ya Uingereza, lipo kanisa la parokia la Mtakatifu Maria ambalo sehemu yake ya altare imejaa makaburi ya ukoo mmoja, kiasi kwamba kasisi anayeiendea altare hana budi kupita baina ya sanamu za mawe. Earl wanane wa Rutland, wote wa ukoo wa Manners, wanakumbukwa hapo, kuanzia wa kwanza aliyefariki mwaka 1543 hadi wa nane aliyefariki mwaka 1679. Earl ni cheo cha ukabaila kinachorithiwa ndani ya ukoo, kwa kawaida na wanaume peke yao, na sharti hilo la mrithi wa kiume linaeleza mambo mengi ambayo mgeni anayaona kanisani humo bila kuyaelewa. Makala haya yanaeleza jinsi makaburi hayo yalivyotengenezwa na jinsi yanavyosomwa, kwa sababu kila moja ni dai lililoandikwa na wenye mali kwa faida yao wenyewe, na dai huhojiwa kabla ya kukubaliwa.

Jambo la kwanza la kuuliza ni kwa nini watu wenye ngome yao wenyewe, yaani Belvoir, iliyo kilimani kilomita chache tu kutoka hapo, walizikwa katika kanisa la kijiji. Kabla ya Matengenezo ya Kanisa, yaani mageuzi ya karne ya 16 yaliyozaa Uprotestanti, makabaila wengi wa Uingereza walipenda kuzikwa katika monasteri, ili watawa waendelee kuziombea roho zao zilizoaminiwa kuwa toharani, mahali pa kutakaswa baada ya kifo. Mfalme Henry VIII alizifunga monasteri zote kati ya mwaka 1536 na 1540, na ardhi zake nyingi zikaishia mikononi mwa makabaila waliokuwa karibu naye. Thomas Manners, Earl wa kwanza, alikuwa mmoja wao, na miongoni mwa alivyopata ni monasteri ya Belvoir iliyokuwa chini ya ngome yake. Humo ndimo walimozikwa wakuu wa ukoo wa de Ros, mabwana wa Belvoir wa zamani. Makaburi yao mawili ya alabasta, la William de Ros aliyefariki mwaka 1414 na la John de Ros aliyeuawa vitani Baugé, Ufaransa, mwaka 1421, yalihamishiwa Bottesford na kuwekwa karibu na altare.

Uhamisho huo haukuwa wa heshima kwa marehemu peke yake. Ukoo wa Manners ulitokea kaskazini mwa Uingereza na uliipata Belvoir kwa ndoa, kwa kuwa bibi mzaa baba wa Earl wa kwanza alikuwa Eleanor de Ros. Kwa kuwalaza akina de Ros mahali ambapo yeye mwenyewe angelazwa, Thomas Manners alionyesha kila aliyekuja ibadani kwamba ngome ni ya kwake kwa damu. Ukoo uliopanda juu kwa haraka huwa na haja kubwa ya mababu wanaoonekana.

Kaburi la Earl huyo wa kwanza lilitengenezwa na Richard Parker, fundi wa alabasta wa Burton-on-Trent, na hesabu za ukoo zinaonyesha kuwa alilipwa pauni 20. Sanamu za mume na mke zimelala chali, mikono imeunganishwa kwa sala, na watoto wao wamepangwa ubavuni mwa kaburi. Alabasta inayotumika hapa ni aina ya jasi iliyochimbwa Derbyshire na Staffordshire, wilaya za jirani. Ikitoka ardhini ni laini hata huchongeka kwa kisu, hivyo fundi aliweza kuonyesha pete, vifungo na mikunjo ya nguo kwa urahisi kuliko katika marumaru. Baada ya kuchongwa ilipakwa rangi na dhahabu. Weupe uliofifia tunaouona leo katika makaburi mengi ya Uingereza, na ambao watu huusifu kwa utulivu wake, si wa asili, bali unatokana na kuchakaa kwa rangi. Makabaila wa karne ya 16 walitaka nyekundu, buluu na dhahabu, na hasa nembo za ukoo zionekane, akiwamo tausi aliyetandaza mkia ambaye ni alama ya Manners.

Kaburi la Earl wa pili, Henry, aliyefariki mwaka 1563, lina umbo la ajabu. Yeye na mkewe wamelala chini ya meza ya mawe yenye miguu minene iliyochongwa, mithili ya meza ya chakula ya nyumba kubwa za wakati ule, na juu ya meza watoto wamepiga magoti. Linaonekana geni kwa sababu lilijengwa katika kipindi ambacho hakuna aliyekuwa na hakika kaburi la Kiprotestanti lifananeje. Sala za kuwaombea wafu zilikuwa zimeondolewa katika ibada, na sanamu za watakatifu zimevunjwa katika makanisa mengi, hata makaburi ya familia yakaharibiwa na watu wenye bidii kupita kiasi. Mwaka 1560 Malkia Elizabeth I alilazimika kutoa tangazo la kukataza uvunjaji wa kumbukumbu za wafu makanisani, akieleza kwamba ziliwekwa kwa ajili ya kumbukumbu, si kwa ajili ya kuabudiwa. Tangazo hilo lilifungua mlango. Kaburi lililokuwa likiomba sala liligeuka kuwa tangazo la ukoo, lenye maandishi marefu ya vyeo, ndoa na utumishi kwa taji.

Hali hiyo inaonekana wazi katika makaburi ya Earl wa tatu, Edward, na wa nne, John, ndugu wawili waliofariki chini ya mwaka mmoja baina yao, Aprili 1587 na Februari 1588. Makaburi yote mawili yaliagizwa kwa pamoja kutoka karakana ya Gerard Johnson huko Southwark, London, kwa pauni 200. Johnson alikuwa mhamiaji kutoka Uholanzi, ambako jina lake lilikuwa Gheerart Janssen, na karakana yake iliendelezwa na wanawe. Sanamu ya Shakespeare iliyoko katika kanisa la Stratford kwa desturi huhesabiwa kuwa kazi ya mmoja wao. Vipande vya makaburi ya Bottesford vilisafirishwa kwa meli kutoka London hadi bandari ya Boston, Lincolnshire, kisha kwa mikokoteni hadi kijijini. Ukilinganisha na pauni 20 za Parker, na hata ukizingatia kwamba bei za vitu vyote zilikuwa zimepanda sana katika miaka hiyo, utaona kuwa fundi wa jirani hakutosha tena na kwamba ukoo ulitaka mtindo wa mji mkuu. Katika kaburi la Edward yuko binti mmoja tu aliyepiga magoti, Elizabeth. Hakukuwa na mwana wa kiume, ndiyo maana cheo kilimwendea ndugu yake.

Sanamu haimaanishi kwamba mwili upo. Earl wa tano, Roger, amelazwa pamoja na mkewe, Elizabeth, binti wa mshairi na askari Philip Sidney. Wote walifariki mwaka 1612 bila kuacha mtoto, lakini mke alizikwa London, katika Kanisa Kuu la St Paul's, karibu na baba yake. Aliyepo Bottesford ni jiwe tu, lililowekwa kukamilisha picha ya ndoa.

Kaburi linalohitaji kusomwa kwa makini kuliko yote ni la Earl wa sita, Francis, aliyefariki mwaka 1632. Ni refu hata linakaribia kugusa dari, na Earl amelala baina ya wake zake wawili. Wana wake wawili wadogo wamepiga magoti, kila mmoja ameshika fuvu la kichwa, ishara ya kawaida ya enzi hizo kwamba waliaga dunia kabla ya wazazi wao. Maandishi yanaeleza kwamba wana hao walizaliwa na mke wa pili, Cecilia, na kwamba wote wawili walifariki wakiwa wachanga kwa vitendo viovu na uchawi. Shtaka la jinai limechongwa kwenye jiwe ndani ya kanisa, na bado linasomeka.

Walioshtakiwa ni Joan Flower na binti zake Margaret na Philippa, wanawake wa Bottesford waliokuwa na uhusiano wa kazi na ngome. Margaret alikuwa amefukuzwa utumishi. Kijitabu kilichochapishwa London mwaka 1619 kinasimulia kwamba binti hao walikiri kuiba glavu ya mtoto mkubwa wa Earl, Henry, ambayo mama yao aliichovya katika maji ya moto na kuidunga ili mtoto adhoofike. Joan alifariki njiani akipelekwa gerezani Lincoln. Kijitabu kinadai kuwa aliomba mkate na siagi, akaapa visipite kooni mwake ikiwa ana hatia, akaanguka. Binti zake walinyongwa Lincoln mwezi Machi 1619, chini ya sheria ya uchawi ya mwaka 1604 iliyofutwa tu mwaka 1736.

Sasa linganisha tarehe. Henry alifariki mwaka 1613, miaka kadhaa kabla ya mtu yeyote kukamatwa. Mdogo wake, Francis, alifariki Machi 1620, takriban mwaka mmoja baada ya washtakiwa kunyongwa. Maandishi hayataji tarehe hizo wala majina ya wanawake, na msomaji asiyezijua anaachwa aamini kwamba kifo na adhabu vilifuatana kama vinavyofuatana kosa na hukumu. Kwa maoni yangu, uzito wa sentensi hiyo ya uchawi unatokana na urithi pamoja na majonzi: baba huyu alikuwa na binti, Katherine, aliyeolewa na George Villiers, kipenzi cha Mfalme James I, lakini hakubakiwa na mwana, na cheo kikamwendea ndugu yake George. Katika jamii iliyopima mafanikio ya kabaila kwa mrithi wa kiume, uchawi ulitoa jibu ambalo halikumlaumu yeyote wa nyumbani.

Kumbukumbu za Earl wa saba na wa nane zilichongwa katika miaka ya 1680 na Grinling Gibbons, fundi anayejulikana zaidi kwa kazi za mbao. Hao hawakulala wala kusali. Wamesimama wakiwa na mavazi ya Kirumi. Mwaka 1703 Earl wa tisa alipandishwa kuwa Duke, cheo kilicho juu ya Earl, na tangu karne ya 19 ukoo unazika katika jengo lake maalumu huko Belvoir.

Utunzaji wa makaburi kama haya una masharti yake. Alabasta huyeyuka polepole kwenye maji, hivyo kitambaa kibichi cha mfagizi mwenye nia njema kinaweza kuondoa rangi iliyosalia pamoja na uso wa jiwe. Vyuma vilivyotumika kushikiza vipande hushika kutu, hutanuka na kupasua jiwe kutoka ndani. Katika makanisa mengi ya Uingereza popo nao ni tatizo, kwa sababu mkojo wao hutia madoa na kulika jiwe, ilhali sheria inawalinda wasifukuzwe. Aidha, kwa sheria ya huko kumbukumbu iliyo kanisani ni mali ya warithi wa anayekumbukwa, lakini hakuna kinachoweza kutengenezwa au kuhamishwa bila kibali cha dayosisi, na mara nyingi gharama za kila siku za paa, mifereji na unyevu hubaki kwa waumini wa parokia.