Ngazi za kudhibiti hatari kazini: kwa nini glavu huja mwisho

Wataalamu wa usalama kazini hupanga kinga kwa ngazi, ile yenye nguvu zaidi ikiwa juu. Ya kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe. Ikishindikana, kuibadilisha kwa kitu chenye madhara madogo. Kisha kurekebisha mazingira ya kazi. Kisha kupanga taratibu. Chini kabisa ni vifaa anavyovaa mfanyakazi: barakoa, glavu, aproni. Kila unaposhuka, kinga inazidi kutegemea mtu asisahau wala asichoke.

Hapa Unguja wengi wetu tunaanzia chini. Kipindupindu kikitajwa tu, watu wanakimbilia glavu. Mtazame muuza urojo jioni, wateja wamemzunguka: mkono uliovaa glavu ndio unaopokea noti, unaorudisha chenji, unaokamata kachori, unaofuta jasho. Mkono mtupu ukinata, mwenyewe huhisi akaukosha. Ndani ya glavu hahisi kitu, na mteja naye ameshatulia kwa kuiona.

Kipindupindu hutoka chooni kikaingia mdomoni kwa njia ya maji na chakula. Dalili huanza baina ya saa chache na siku tano, na wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote, ingawa vijidudu vinatoka na kinyesi chao kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kuuliza “nani anaumwa leo?” hakutoshi. Kinga lazima ifanye kazi hata pale ambapo hakuna anayejijua.

Kwa muuza urojo wetu, kubadilisha ni kuacha maji ya kisima kisichofunikwa na kutumia yaliyochemshwa au kutiwa klorini, pamoja na barafu ya juisi (hii husahauliwa sana). Mazingira ni ndoo yenye koki na sabuni pale pale mezani, badala ya beseni moja linalosuuzia vibakuli vya watu wote. Na akipatikana kijana wa kushika pesa tu, hiyo tayari ni taratibu.

Kuondoa kabisa tumewahi kukuona: mwaka 2016, kwa ajili ya kipindupindu, Serikali ilizuia uuzaji wa vyakula mitaani, na Aprili skuli zikafungwa. Ni ngazi ya juu, lakini riziki za watu nazo zilifungwa, na haiwezi kuwa hali ya kila siku.

Taratibu ndipo waajiri wanapokwepa. Mpishi wa hoteli anayeharisha anatakiwa akae mbali na chakula hadi zipite saa 48 tangu kuharisha kukome. Lakini kibarua anayelipwa kwa siku atasema tumbo liko salama, maana siku mbili nyumbani ni siku mbili bila ya posho. Kwa maoni yangu, kumlipa siku hizo kunazuia maradhi kuliko katoni nzima ya glavu. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005, na mzigo wa kuweka mahali pa kazi pawe salama ni wa mwajiri.

Glavu zina kazi yake. Mpishi mwenye kidonda kidoleni akifunge, kisha avae. Msafishaji anayefuta matapishi ya mgeni kwa klorini avae zile nene za mpira, na akishazivua akoshe mikono kwa sabuni. Vitakasa mikono vya spiriti haviviwezi vizuri baadhi ya virusi vya kuharisha.