Kuonja programu: mpaka wa kuonja uko wapi?

Pale soko la Kibuye, Kisumu, mama muuza mananasi hukata kipande chembamba, akakichoma kwa ncha ya kisu na kukunyooshea. Ukipokea, ukala, ukaenda zako bila kununua, hakuna atakayekuita mwizi. Nanasi ni lake, kisu ni chake, na ukubwa wa kipande kaupima mwenyewe. Kuonja programu ndiko huko: mwenyewe anakukatia sehemu, au anakupa siku kadhaa, kisha unaamua.

Kuna waliokata vipande vikubwa. Mwaka 1982, Mmarekani Andrew Fluegelman aliiachia programu yake ya PC-Talk izunguke mkono kwa mkono: nakili, mpe jirani, na ikikufaa nitumie dola 25. Mwaka 1993 waliotengeneza mchezo wa Doom waligawa sehemu ya kwanza bure, zilizobaki zikauzwa. WinRAR, programu ya kubana mafaili, nayo hukupa siku 40, zikiisha huendelea kufanya kazi huku ikikukumbusha kwamba hujalipa. Sijaona mdai mwenye subira kama huyo.

Uharamia ni kujikatia nanasi zima mama akiwa amegeuka. Sisi tunaotengeneza laptopu tunaujua wimbo wake: "Fundi, niwekee ya kukraki kwanza nionje, nikipata kazi nitanunua." Ya kukraki ni programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bure. Sijifanyi malaika, nimewahi kuweka. Kijana anayeanza pale Kondele na kadi za harusi na vijitabu vya mazishi, akitajiwa bei ya kila mwezi kwa dola, lazima atafute njia ya mkato. Shida yake ni ya kweli. Ila neno "kuonja" halimkai, maana kuonja kuna mwisho, na programu iliyokrakiwa haina. Siku ya mwisho haifiki. Hakuna kisanduku kinachochomoza kumuuliza kama amependa. Na mwonja asali haonji mara moja: mteja wangu mmoja ameonja miaka minne, sasa ana printa mbili na msaidizi wa kuajiriwa.

Mpaka wangu mimi ni huu: siku uliyomtoza mteja pesa ya kwanza, umeacha kuonja. Sheria ni kali kunishinda. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huiweka programu ya kompyuta katika kundi moja la kazi za fasihi na riwaya, wala haikuulizi ulipanga kununua lini.

Tena nanasi halikuibii nyumbani. Faili la kukraki huja na maelezo mafupi, na mara nyingi la kwanza kuambiwa ni uzime programu ya kuzuia virusi. Yaani mfukuze mlinzi, ndipo mgeni aingie. Niliwahi kuletewa laptopu ambayo kila faili lilikuwa limefungwa na kubadilishwa jina, na kwenye skrini ujumbe wa kudai pesa. Picha za harusi tatu hazikurudi, na wenye harusi walikuwa wakipiga simu mbele yangu.

Siku hizi asiyemudu bei namwekea GIMP ya kuhariri picha, Inkscape ya kuchora au LibreOffice ya kuandika nyaraka. Hizo si za kuonja, wenyewe wamesema chukua, tumia, gawa. Wiki ya kwanza hulalamika kwamba vitufe haviko alipozoea. Ya pili huja kuuliza namna ya kuongeza fonti.