Keki ya Ghorofa Tatu

Nimekata tiketi za watu kwa miaka 14 sasa, za boti, za basi na za ndege, na simu ikiniamsha saa kumi alfajiri najua si mtu wa kunishukuru. Ni mtu yuko bandarini na mabegi yake, kaambiwa boti haitoki. Kuanzia hapo mimi ni nusu wakala, nusu shangazi.

Watu huniambia fulani ana moyo wa subira, ndiyo maana hakasiriki. Siamini sana. Nimewaona wapole wa kupigiwa mfano wakichana tiketi mbele ya kaunta, na wakorofi wanaojulikana mtaa mzima wakitandika kanga chini na kucheza karata. Nilichogundua ni kwamba anayecheka siku ya mkosi alishaitengea safari yake nafasi ya kuharibika tangu akiwa nyumbani. Ana siku ya akiba, ana chakula mkobani, na hela zake hazijaishia zote kwenye nauli.

Chukua bahari. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, huanza mwezi wa nne hivi, na kuanzia Juni hadi Agosti hukaza kwelikweli. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, nahodha mwenye akili hafungui kamba. Kwa hiyo ukija ofisini kwangu Julai unataka boti ya asubuhi kwenda Unguja na shughuli yako ni mchana huohuo, nitakuuzia, lakini nitakununia kwanza.

Niliwahi kusindikiza msafara wa harusi kwenda Mafia, upande wa bwana harusi, watu 23. Ndoa ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri. Mimi nikasema tuvuke Ijumaa. Shangazi yake bwana harusi, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watoto mtaa wa pili, akanisuta: siku nzima ya kukaa bure, tunamlisha nani? Nikang'ang'ana. Tulitoka Mbagala usiku, tukafika Nyamisati, bandari ya kuvukia Mafia, Ijumaa kumepambazuka. Mikoko yote ilikuwa imelala upande mmoja kwa upepo. Nahodha hakutaka hata kujadiliwa. "Bahari imechafuka, mama. Leo hatutoki."

Bwana harusi akawa anatembea kwenye gati kwenda na kurudi kama mtu aliyepoteza funguo. Jambo la kwanza nililomfanyisha ni kupiga simu Kilindoni, kule Mafia. Si kulalamika kwa mwenye boti, wala kuweka picha mtandaoni. Anayekusubiri ndiye anayeumia kuliko wewe, maana wewe unayaona mawimbi na yeye anaona saa tu. Alipokata simu mabega yake yalikuwa yameshuka. Wenzetu wa kule walishauona upepo, wakasema hata wapishi hawajawasha moto.

Jambo la pili lilikuwa keki. Ilikuwa ya ghorofa tatu, kila ghorofa na boksi lake, na joto la Nyamisati halijui harusi. Kufika saa nane mchana ghorofa ya juu ilikuwa imeanza kuegama. Shangazi akaitazama, akatutazama, akavua miwani. "Hii haifiki. Leteni kisu." Mpaka muuza chapati alipata kipande, na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu, na nahodha mwenyewe. Baada ya keki kukawa na vigelegele, baada ya vigelegele likapatikana dumu la kupigia ngoma. Wenyeji wakatupa vyumba vitatu vya gesti kwa akina mama, sisi wengine tukalala mikekani.

Nahodha, mdomo una sukari bado, ndiye aliyetuambia tusihangaike kuamka usiku. Boti ile ilingoja maji yajae, na maji hujaa kama dakika 50 baadaye kuliko jana yake. Tukalala tukijua saa ya kuamka, na hilo peke yake ni nusu ya raha. Jumamosi upepo ulipungua, tukavuka. Keki ilifika Kilindoni ina ghorofa mbili, na kwa kuwa bi harusi hakuwahi kuiona kabla, akaisifu.

Kuna mikosi ambayo upepo hauhusiki kabisa. Inayonitesha zaidi ni saa. Tiketi ya ndege imeandikwa Jumanne, 00:45. Sisi tunaoianza siku jua likichomoza, macho yanasoma "Jumanne" na akili inaweka usiku wa Jumanne. Kumbe ndege inaruka usiku wa kuamkia Jumanne, saa saba kasorobo, na wewe unatakiwa uwanjani Jumatatu kabla ya saa nne usiku. Kiswahili kina maneno kamili ya jambo hili, ni tiketi tu isiyoyajua. Siku hizi nayaandika kwa kalamu juu ya bahasha. Nilianza baada ya mzee mmoja kufika uwanjani na kanzu iliyopigwa pasi, akakuta ndege yake imekwenda jana yake na nyingine ni wiki ijayo. Akanipigia simu anacheka. "Mwanangu, sijachelewa. Nimewahi ya wiki ijayo." Nilimtafutia nafasi kwa bidii ambayo sijawahi kumpa aliyenitukana, nakiri.

Na kaunta ni hivyohivyo. Yule dada hawezi kutuliza upepo, ila kuhamisha tiketi anaweza, na tangu asubuhi ameshatukanwa na foleni nzima. Nenda umwambie, "Dada, pole na kazi. Ya kesho imebaki nafasi ngapi?" Halafu nyamaza umwache atafute. Usiondoke bila kuandikiwa mabadiliko kwenye tiketi yenyewe. Uchangamfu si kuondoka mikono mitupu.

Wiki iliyopita shangazi wa keki alinipigia. Kuna mwingine anaoa hukohuko, mwezi wa saba, katikati ya kusi. Nikavuta pumzi nimsomee somo langu, akanikatiza.

"Tukatie ya siku mbili kabla. Na safari hii keki ni ya ghorofa nne."