Ubingwa wa kupiga kwa 0.301: msimu wa 1968

Ukiteremka kwenye orodha ya mabingwa wa kupiga wa ligi kuu mbili za besiboli Marekani, American League na National League, kila moja ikiwa na bingwa wake, unazoea kuona 0.340, 0.350, wakati mwingine hata 0.400. Ghafla unafika 1968: Carl Yastrzemski wa Boston Red Sox, bingwa wa American League, 0.301. Hakuna aliyewahi kutwaa ubingwa huo kwa wastani mdogo zaidi. Wapo wanaoona aliokota taji njiani. Sikubaliani nao.

Wastani huu haufanani na hesabu ya mfungaji bora wa soka, anayejumlisha mabao tu. Mapigo yaliyomfikisha mpigaji salama kwenye besi, yaani kituo cha uwanjani anachokimbilia, hugawanywa kwa zamu zake rasmi za kupiga. Mrushaji akitupa mipira minne nje ya eneo halali, yaani nafasi mbele ya mpigaji ambamo mpira unapaswa kupita, mpigaji hupewa besi ya kwanza bure na zamu hiyo haihesabiwi. Yastrzemski alipata mapigo 162 kwa zamu 539. Mnyang'anye pigo moja tu, abaki na 161, wastani unashuka hadi 0.299, na American League nzima inamaliza msimu bila mpigaji hata mmoja wa 0.300! Wa pili, Danny Cater wa Oakland, alikuwa na 0.290. Hebu fikiria: 0.290, halafu wewe ni namba mbili.

Waliowabana ni warushaji, na sheria ilikuwa upande wao. Tangu 1963 eneo halali lilikuwa limepanuliwa, likaanzia mabegani hadi magotini. Nacho kilima anachosimama mrushaji kilikuwa na kimo cha inchi 15, kwa hiyo mpira ulimshukia mpigaji kwa mteremko mkali. Mwaka huo Bob Gibson wa St. Louis aliruhusu wastani wa mikimbio (pointi) 1.12 tu isiyotokana na makosa ya wenzake kwa kila inningi tisa, yaani urefu wa mechi moja, na Denny McLain wa Detroit akashinda mechi 31.

National League walikuwa na nafuu kidogo: Pete Rose 0.335, Matty Alou 0.332. Kwa nguvu, Frank Howard wa Washington aliupeleka mpira nje ya uwanja mara 44, jambo linalonishangaza kila nikikumbuka alikuwa anakabiliana na nani.

Sasa turudi kwenye 0.301. American League kwa ujumla ilipiga 0.230. Gawanya: Yastrzemski aliizidi ligi yake mara 1.31. Mwaka 1930 Bill Terry wa New York Giants alipiga 0.401, namba inayotajwa kwa heshima kubwa, lakini National League ya mwaka ule ilikuwa na wastani wa 0.303. Naam, mpigaji wa kawaida kabisa wa 1930 alimpita bingwa wa 1968! Terry aliizidi ligi yake mara 1.32. Tofauti yao ni unywele.

Wakubwa wa besiboli walishtuka. Kufikia 1969 kilima kilikuwa kimeshushwa hadi inchi 10 na eneo halali likapunguzwa. Rod Carew akachukua ubingwa wa American League kwa 0.332.

Na hapo sijagusa zile besi za bure. Yastrzemski alipewa 119 mwaka 1968, nyingi kuliko yeyote katika ligi yake, na zote hazionekani kabisa ndani ya ile 0.301.