Fundi Akianguka Kutoka Jukwaani, Nani Anawajibika?

Kutokana na kuongezeka kwa malalamiko kuhusu wafanyakazi wanaoanguka kutoka kwenye majukwaa ya ujenzi, ngazi na mapaa, wahusika wanakumbushwa kwamba sheria haiishii kuuliza ni nani aliyeteleza, bali huuliza ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya mahali alipotelezea.

Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, kuhusu usalama na afya katika ujenzi, unaeleza kwamba panapofanya kazi waajiri zaidi ya mmoja, mkandarasi mkuu, au mwingine mwenye udhibiti halisi wa eneo, ndiye anayeratibu hatua za usalama, huku kila mwajiri akibaki na wajibu kwa watu wake. Tuseme mafundi wa plasta wameondoa kizuizi cha ukingoni ili wapitishe ndoo za saruji, wakaondoka bila kukirudisha, na kesho yake fundi rangi wa mkandarasi mwingine akaegemea hewa. Aliyeondoa kizuizi, mwajiri aliyempandisha fundi bila kukagua, na mkandarasi mkuu, wote wanaweza kuitwa kujibu, kila mmoja kwa kiasi kinachopangwa na sheria ya nchi husika.

Bado wapo waajiri wanaoleta karatasi iliyosainiwa na kibarua kwamba akiumia ni shauri yake. Wajibu uliowekwa na sheria kwa kawaida hauondolewi kwa karatasi ya namna hiyo, wala kwa kusema kwamba kibarua alikuwa wa siku moja tu.

Majeruhi naye atofautishe njia mbili. Katika mifumo mingi ya fidia kwa wafanyakazi, hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Inatosha kwamba aliumia kutokana na kazi na akiwa kazini. Katika shauri la madai mahakamani, uzembe huthibitishwa, na uzembe wake mwenyewe unaweza kupunguza kiasi atakacholipwa. Kwa njia zote mbili, ajali itolewe taarifa kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, nakala ihifadhiwe, majina ya mashahidi yaandikwe, cheti cha daktari kiambatishwe, na jukwaa lisiguswe kabla mkaguzi wa usalama kazini hajafika, isipokuwa kwa ajili ya kumwokoa mtu. Anayevuruga eneo la ajali anaweza kushtakiwa kwa kosa hilo peke yake, mbali na faini au amri ya kusimamisha kazi. Mkaguzi ataomba pia daftari la ukaguzi wa jukwaa, na daftari lililojazwa kwa mkupuo baada ya ajali hutambulika.