Je, wajua kwa nini Ziwa Tanganyika huchafuka kiangazi, wakati mvua hakuna?

Mwezi wa saba Kigoma, mbingu nyeupe pe, lakini pale Kibirizi, kwenye kituo cha boti, abiria wa kwenda Kagunga wameketi juu ya mizigo yao tangu alfajiri. Ziwa limechafuka. Wingu hakuna, radi hakuna. Mawimbi yametoka wapi?

Yametoka kusini. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma, na ziwa lenyewe limelala kusini-kaskazini, urefu wa kilomita 670 hivi, milima ikilibana kushoto na kulia. Upepo hufuata mkondo huohuo. Kimo cha wimbi hutegemea nguvu ya upepo, muda uliovuma, na umbali wa maji uliopita juu yake. Huo umbali ndio wengi huusahau: kutoka Mpulungu, Zambia, hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400. Wimbi hukua njia nzima, na laweza kutufikia hata kama huku kwetu jani halitikisiki.

Vijana wanaoona kwenye simu watu wa Durban wakiteleza na ubao juu ya mawimbi huuliza: mbona si hapa? Maji ni vuguvugu, nyuzi 25 hivi hata kiangazi, na ufukwe wa Jakobsen hauna msongamano. Ni swali zuri sana. Mawimbi makubwa ya Durban majira ya baridi huzaliwa na dhoruba za mbali baharini. Safarini yale marefu hutangulia, mafupi hufifia, hivyo hufika yamejipanga. Yakipishana kwa sekunde 12, kilele hadi kilele ni mita 225 hivi. Yakipishana kwa sekunde 5, ni mita 39 tu, na ya ziwani ni ya namna hiyo: mafupi, yamesimama wima, hujamaliza kulipanda moja la pili limeshaipiga boti ubavuni. Kuteleza kunawezekana penye mchanga unaoinuka polepole, kwa kuwa wimbi la mita 1 huvunjika kina kikifika mita 1.3 hivi. Penye majabali yanayozama wima, linapasukia mwambani. Hapo usijaribu.

Kusi hilohilo husukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini, na kule kusini maji baridi ya chini yakapanda na rutuba inayolisha dagaa. Upepo ukilegea Septemba, mpaka kati ya matabaka hayo mawili huanza kuyumba kama wimbi kubwa lisiloonekana juu, linalochukua karibu mwezi mzima kupanda na kushuka mara moja.