Je, wajua? Kwa nini shule za Rosenwald zilijaa madirisha

Ukiangalia picha za zamani za shule za Rosenwald, yaani shule za watoto weusi zilizojengwa kwa mchango wa tajiri Julius Rosenwald kule vijijini na kwenye vimiji vya kusini mwa Marekani, jengo lenyewe ni dogo tu, la mbao, vyumba viwili vitatu, lakini madirisha sasa! Marefu, yamebanana matano sita kwa mpigo mpaka upande mzima unakuwa kama vioo vitupu. Watu waliokuwa wanachanga senti senti, mbona wanunue vioo vyote hivyo?

Ni kwa sababu umeme haukuwepo. Taa yao ilikuwa jua, kwa hiyo mchoro ulianzia kwenye jua, madirisha yakatazama mashariki au magharibi ili darasa lipate mwanga siku nzima, na kama kiwanja kimekaa vibaya kulikuwa na ramani nyingine ya jengo linalotazama upande tofauti. Hata madawati yalikuwa na mpango wake, mwanga uingie kwa kushoto, maana ukiandika kwa mkono wa kulia na mwanga ukatokea kulia, kivuli cha mkono wako kinalala palepale unapoandika. (Wa mkono wa kushoto hawakufikiriwa, inasikitisha.) Kuta za ndani nazo zikapakwa rangi nyepesi zirudishe mwanga. Mimi hapa ndipo naona kuna mtu alimfikiria mtoto anayekodolea macho daftari saa tisa mchana mawingu yametanda.

Michoro ya mwanzo ilitoka Tuskegee, chuo cha watu weusi kule Alabama, kwa msanifu Robert R. Taylor, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu MIT, chuo kikuu maarufu cha teknolojia. Mkuu wa Tuskegee alikuwa Booker T. Washington, na mwaka 1912 Rosenwald, bosi wa Sears, Roebuck, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa kwa posta, alikipa chuo dola 25,000, Washington akaomba sehemu yake ijengee shule sita za majaribio. Kufikia 1932 zilikuwa karibu 5,000 kwenye majimbo 15.

Ila jina la Rosenwald linaficha kitu. Yeye hakutoa hela yote, alitoa sehemu kwa sharti kwamba wenyeji nao wachange na serikali iweke chake. Kati ya dola milioni 28 na ushee zilizotumika kwenye shule hizo, mfuko wake ulitoa kama milioni 4.3, watu weusi wenyewe milioni 4.7, yaani walimzidi! Na hao ndio walikuwa wanalipa kodi kama wengine halafu watoto wao wanasomea makanisani na kwenye vibanda, kwa hiyo shule moja waliilipia mara mbili. Kuna waliotoa kiwanja, waliokata mbao, na kuna sehemu walitenga shamba la pamba kabisa, mavuno yakiuzwa pesa inaenda shuleni. Shule ilikuwa ya wote, ndiyo maana kwenye majengo mengi ukuta wa kati ulikuwa wa kufungua, jioni ukisogezwa madarasa mawili yanakuwa ukumbi wa mikutano.

Baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1954 iliyopiga marufuku kutenga shule kwa rangi, nyingi zilifungwa taratibu, zikauzwa au zikaachwa zioze, leo zimebaki kama 500 hivi. Zingine zimegeuzwa nyumba au stoo na madirisha yakazibwa, lakini ukizunguka ubavuni bado unaweza kuona alama za fremu zimepangana, matano, sita.